Saa saba Doha: Je, kadi ya ukumbi wa mapumziko ina faida?

Ndege yetu kutoka Dar es Salaam ilitua Doha saa tano na nusu usiku, na saa zetu za mkononi hazikuhitaji kurekebishwa, kwani majira ya Qatar na ya Tanzania ni mamoja. Ndege ya kwenda Jeddah ilikuwa iondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulikuwa watu watano katika safari ya Umra: sisi wawili, kijana wetu, mdogo wake wa kike wa miaka tisa, na bibi yao ambaye magoti yamekwisha mgomea. Kungoja saa saba hakukututia hofu, kwa kuwa kijana alikuwa na kadi.

Ilikuwa kadi ya mkopo aliyopewa na benki miezi michache kabla, na miongoni mwa ahadi zake ni kuingia bure katika kumbi za mapumziko za viwanja vya ndege, zenye makochi, chakula cha kujipakulia na bafu la maji ya moto. Njia nzima alimsimulia bibi yake habari za bafu hilo, kwamba ndimo angeoga josho la ihramu.

Mhudumu wa mlangoni aliipitisha kadi kwenye mashine, kisha akatueleza kwa upole kwamba anayeingia bure ni mwenye kadi peke yake. Kila mgeni wake ni dola 35, na mwisho wa kukaa ni saa tatu. Hesabu ilikuwa nyepesi: wageni wanne ni dola 140, zaidi ya shilingi 300,000, kwa saa tatu kati ya saba. Kijana aliinamisha kichwa. Bibi, akiwa juu ya kiti cha magurudumu, akasema, "Turudini, baba. Kwani huku nje kumekosekana nini?"

Lilikuwa swali la haki, na usiku ule wote tuliutumia kulijibu. Uwanja wa Hamad, uliofunguliwa mwaka 2014, ni mji usiolala. Katikati yake ameketi dubu mkubwa wa manjano mwenye taa kichwani, ambaye binti yetu aliomba apigwe naye picha mara tatu. Vyumba vya kuswalia viko kila upande, na udhu wake ni wa raha. Humo tukaziswali Magharibi na Isha kwa kuzikusanya, Isha tukiipunguza. Vipo pia vyumba vya utulivu, vya wanawake mbali na vya wanaume mbali, vyenye viti vya kujinyoosha na taa hafifu, na hakuna anayeulizwa kadi mlangoni. Bibi alilala humo usingizi mzito pamoja na mjukuu wake. Sisi tuliobaki macho tulikwenda kuketi katika bustani ya ndani iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye miti zaidi ya 300, tukisikiliza lugha za watu wanaopita.

Aliyetufaa kuliko wote ni msukuma kiti. Kiti chenyewe tuliomba kwa shirika la ndege tangu siku ya kukata tiketi, na hakitozwi chochote. Aliyekisukuma alikuwa kijana wa Kilifi. Alipotusikia tukizungumza, alisimama akasema, "Shikamoo bibi," na tangu hapo bibi hakuwa tena abiria wa kungoja. Alikuwa mgeni wa mtu.

Alfajiri, baada ya swala, wanaume tulivaa shuka zetu mbili, maana kutoka Doha ndege huipita miqati ya Qarn al-Manazil kabla ya kufika Jeddah. Tulikuwa tumekwisha koga nyumbani. Josho hilo ni sunna, na hakuna aliyekosa ihramu kwa kukosa bafu la ukumbini.

Kuna jambo zito kuliko dola 140. Wengi wetu hujituliza kwamba mwenye kadi ya mkopo akilipa deni lote kabla ya muda kwisha, hatozwi riba, basi hana neno. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lilikutana Riyadh mwaka 2000 na katika azimio lake namba 108 likaufunga mlango huo: kadi ambayo mkataba wake una sharti la riba haifai, hata kama mwenye kuichukua amenuia kulipa mapema. Wala si kwamba upendeleo wa msafiri ni haramu wenyewe. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayotunga viwango vya benki za Kiislamu, inaruhusu wenye kadi halali kupewa punguzo na kutangulizwa katika huduma, madhali huduma yenyewe ni halali.

Hivyo mfanyabiashara anayepita Doha kila mwezi peke yake, kwa kadi isiyo na riba, huenda akaona faida. Familia inayosafiri mara moja kwa miaka kadhaa hulipa ada ya mwaka mzima kwa ajili ya mlango unaompokea mmoja na kuwaacha wanne. Kijana wetu amekwisha maliza deni lake, na ada ya mwaka ujao hatailipa.

Hata hivyo, wakati wa kurudi tulimhurumia bibi. Tulilipa mlangoni, kwa kadi ya kawaida inayokata fedha zetu wenyewe, yeye na mjukuu wake wakaingia ukumbini. Hawakumaliza hata saa moja. Binti alitueleza kwamba watu wa meza ya jirani waliletewa mvinyo, wakahama. Walikohamia nako ukaletwa. Tukamuuliza bibi chakula kilikuwaje.

"Kizuri," akasema, akijifunga vizuri mtandio wake. "Lakini mle ndani sikuona wa kumsalimia. Yule mwanangu wa Kilifi yuko zamu leo?"