Dawa Gani Yafaa Filimu Zetu?

Tangu tulipoanza kusafisha filimu wenyewe hapa parokiani, kando ya Ziwa Tanganika, swali moja laturudia kila mara, hasa kwa vijana: «Dawa iliyo bora ni ipi?» Jibu letu ni fupi. Hakuna dawa iliyo bora mahali pote. Iko dawa ifaayo maji yako, joto la nyumba yako na wingi wa filimu zako. Leo twapenda kueleza namna tulivyochagua ya kwetu, ili mwenye kutaka kufanya kazi hii nyumbani asipoteze bure mali yake, wala picha za watu wake.

Wako wanaocheka wakisema: «Siku hizi kila mtu ana simu. Filimu nyeusi na nyeupe ni ya nini?» Sisi hatuzidharau simu, nasi twazitumia. Lakini simu huanguka majini, huibwa, huharibika, na mara nyingi picha zake zapotea pamoja nayo. Katika miaka ya 2016 na 2017 watu wengi wa jimbo la Tanganika walikimbia vijiji vyao kwa sababu ya mapigano. Tuliwaona wakifika Kalemie wamebeba watoto na sufuria tu. Baadaye walipofiwa na wazee wao, wengine hawakuwa na picha hata moja ya kuwaonyesha wajukuu. Filimu iliyosafishwa vizuri ni kitu cha kushikwa mkononi. Haitaki umeme, yaweza kutiwa ndani ya kitabu cha sala, na ikitunzwa mahali pakavu yaweza kudumu kuliko sisi wenyewe.

Zamani tulipeleka filimu zetu katika duka moja la mjini. Siku moja filimu ilirudi imejaa mikwaruzo tangu mwanzo hata mwisho. Ndani yake ilikuwamo picha ya katekista mmoja mzee, naye alikuwa amekwisha kufa. Mjane wake aliipokea picha ile, akaitazama kwa muda mrefu, akasema tu: «Asanteni, wanangu.» Tangu siku ile tukaamua kujifunza kazi hii kwa mikono yetu.

Basi tuseme kwanza kazi yenyewe ni nini. Mwangaza unapoigusa filimu, hubadili kidogo sana chembe za chumvi ya fedha zilizo juu yake. Jicho haliwezi kuona neno lolote, lakini picha imekwisha andikwa. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa na mwangaza kuwa fedha nyeusi. Dawa ya pili, ya kukazia, huziondoa chembe zisizoguswa, ili picha isiharibike tena itolewapo nje. Dawa za kukazia hazitofautiani sana. Uchaguzi mkubwa uko katika ile ya kwanza, nayo ndiyo tutakayoisema hapa.

Tulizifikiri dawa tatu.

Ya kwanza ni Rodinal, dawa ya maji iliyotoka Berlin kwa watu wa Agfa mwaka 1891. Leo huuzwa pia kwa majina mengine, kama R09. Sifa yake kubwa ni kudumu: chupa iliyofunguliwa yaweza kukaa miaka bila kuharibika. Tena hutumika kidogo. Ukichanganya kipimo kimoja cha dawa na vipimo 50 vya maji, mililita 6 zatosha kopo la mililita 300, yaani filimu moja. Hivyo chupa ndogo ya mililita 120 yaweza kusafisha filimu 20. Upungufu wake ni huu: huzionyesha sana chembe za filimu, hasa filimu zenye wepesi mkubwa, na uso wa mtu waweza kuonekana kama umenyunyiziwa mchanga.

Ya pili ni D-76 ya Kodak, iliyojulikana tangu mwaka 1927. Ilford nao wana ya namna hiyo hiyo, jina lake ID-11. Hii ni unga wa kuyeyushwa katika maji ya moto kiasi. Katika lita moja mna gramu 2 za metoli, gramu 100 za sulfiti ya sodiamu, gramu 5 za hidrokinoni na gramu 2 za boraksi. Chembe zake ni laini, na nyuso hutokea vizuri. Lakini ikisha kuyeyushwa haidumu sana: miezi 6 katika chupa iliyojaa na kufungwa vema, miezi 2 tu katika chupa iliyojaa nusu.

Ya tatu huwashangaza watu, kwani ni kahawa! Mwaka 1995, katika chuo cha Rochester Institute of Technology huko Marekani, mwalimu pamoja na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa iliyochanganywa na magadi ya kufulia yaweza kusafisha filimu. Dawa hii huitwa Caffenol, na watu wengi huongeza vitamini C ili ipate nguvu. Sisi tulio jirani na kahawa ya Kivu tulifurahi sana kusikia hayo. Lakini kahawa itumiwayo ni ile ya unga iyeyukayo upesi, na nguvu yake si sawa katika kila kopo. Ni nzuri kwa kuwafundisha watoto. Kwa picha isiyoweza kupigwa mara ya pili, hatukuthubutu.

Tulibaki na mbili. Hapo joto la nchi yetu ndilo lililotuamulia. Maandiko mengi ya dawa hizi hupima muda kwa maji ya digrii 20. Maji ya kwetu hupita digrii 25 mara nyingi, na kila digrii moja inayozidi hupunguza muda kwa sehemu moja hivi katika kumi. Tazama sasa: filimu ya Ilford HP5 Plus katika ID-11 isiyochanganywa na maji yataka dakika 7 na nusu kwa digrii 20. Kwa digrii 26 zingebaki kama dakika 4 tu. Muda mfupi hivi ni wa hatari, kwani dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa, na picha hutoka ina mawingu. Lakini ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, muda wa digrii 20 ni dakika 13, nao kwa digrii 26 hushuka kuwa kama dakika 7. Hapo mtu aweza kufanya kazi kwa utulivu. Kumbe katika nchi ya joto dawa nyepesi na subira hushinda dawa kali na haraka.

Iko sababu nyingine, nayo yahusu hasa picha za kanisani. Siku ya komunyo ya kwanza twapiga picha ya mtoto mwenye uso mweusi na nguo nyeupe kabisa. Sehemu za giza hutunzwa na mwangaza wa kutosha wakati wa kupiga picha. Sehemu nyeupe hutawaliwa na dawa. Dawa ikizidi, nguo yote huwa kama karatasi tupu, hata mkunjo mmoja hauonekani. D-76 iliyopunguzwa kwa maji yatuachia uso na nguo pia.

Na kudumu kwake? Sisi husafisha filimu mbili kwa mwezi. Kila filimu hutumia mililita 150 za dawa na mililita 150 za maji, kisha mchanganyiko ule hautumiki tena. Kwa hiyo lita moja yatosha filimu 6, yaani miezi mitatu. Twaigawa katika chupa ndogo zilizojaa hata mdomoni, ili hewa isiingie. Lakini ndugu asafishaye filimu mbili kwa mwaka, huyo tungemshauri achukue Rodinal.

Maji nayo yana neno lake. Maji ya Ziwa Tanganika yana asili ya magadi, na kazi ya dawa hii hutegemea sana kiasi cha magadi kilichomo. Kwa hiyo twatumia maji ya mvua yaliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa safi. Twayaweka katika mtungi wa udongo yapoe, na maji yote ya kazi, toka dawa ya kwanza hata ya kuoshea, yawe ya joto moja.

Kabla ya kugusa filimu ya maana, tulisafisha moja ya kujaribia. Tulipiga picha za mwembe, ukuta wa kanisa na nyuso zetu. Tukaikata gizani vipande vitatu, tukakipa kimoja dakika 6, kimoja 7, kimoja 8. Cha dakika 7 ndicho kilichotupendeza. Baada ya hapo tu ndipo tulipotia koponi filimu ya makatekista wanne wazee, walioketi mbele ya kanisa kwa ajili ya jubilei ya parokia. Mmoja wao hakuweza tena kusimama bila kushikwa. Tulipoifungua filimu, nyuso zote nne zilikuwamo, na hata shanga za rozari mikononi mwao zilihesabika. Tulimshukuru Mungu.

Twawaonya pia: vyombo vya kazi hii visirudi kamwe jikoni, vaeni mifuko ya mikono, maana metoli huwasha ngozi za wengine, dawa zilizotumika zisimwagwe ziwani wala karibu na kisima, na watoto wasizifikie.

Mkisha kuchagua dawa, kaeni nayo. Anayebadili kila mwezi hajui kosa limetoka wapi. Andikeni katika daftari tarehe, joto na muda wa kila filimu. Na msisahau kwamba dawa haiongezi kitu: huonyesha tu yale ambayo mwangaza umekwisha andika. Ndivyo ilivyo na alama ya ubatizo ndani ya roho. Haionekani, lakini imo, nayo yangoja kazi yetu ya kila siku ili itokee mbele ya watu. Leteni wazee wenu wapigwe picha wangali hai, na Mungu awabariki.