Wasimamao juu ya Maji ya Havasu

Mpwa wangu aishiye Phoenix alinichukua kwa gari hadi Lake Havasu City, Arizona, mji ulioletewa mawe ya daraja kuukuu la London, likasimamishwa upya na kufunguliwa mwaka 1971. Mimi nilikwenda kutazama daraja. Yeye alikwenda kutazama jetiski za kusimamia.

Ni chombo chembamba kisicho kiti. Mpandaji huanza kwa magoti, kisha huinuka mwendo ukishika. Mgeni huanguka na kuanguka. Kawasaki walianza kukiuza mwaka 1973, kutokana na ubunifu wa Mmarekani Clayton Jacobson. Baadaye vilikuja vya kukalia, vyenye kubeba baba, mama na mtoto, navyo ndivyo vilivyotwaa soko.

Je, cha kusimamia chafufuka? Kawasaki walirejea na SX-R mpya mwaka 2017. Yamaha nao wakaiunda upya SuperJet mwaka 2021, kwa injini ya mipigo minne. Kiwanda hakiundi kitu kisicho mnunuzi. Hata hivyo, siku ile ziwani niliona vya kukalia vingi, na wasimamao wachache, baadhi yao wenye mvi kama zangu.

Mkewe alikuwa kivulini na mtoto mapajani. "Mjomba, mwambie," alisema. "Akiba yetu yatosha chombo kimoja tu, na kile ni cha mtu mmoja."

Nilimwita mpwa wangu pembeni. Alinisikiliza huku maji yakimchuruzika, macho yake yakiwa ziwani bado. Njia nzima ya kurudi Phoenix hakuna aliyelitaja.