Mkojo, Tone la Damu, Pampu

Sukari yangu ya kwanza ilipimwa kwa moto. Mganga wa zahanati alidondosha mkojo wangu kwenye maji ya bluu ya Benedict, ndani ya bomba la kioo, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Bluu ikibaki bluu, mtu hana sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo, njano, imezidi. Wangu ulipita rangi zote ukatulia kwenye wekundu wa tofali. Nilikuwa bado shule ya msingi, miaka ya tisini, kwetu Mwimbi ikiwa chini ya Sumbawanga Vijijini kabla wilaya ya Kalambo haijazaliwa mwaka 2012. Nilishatibiwa malaria na sikupona. Bibi ndiye aliyewaona sisimizi wakijaa mahali nilipokojoa nyuma ya nyumba, akasema twende tena zahanati, safari hii wapime mkojo.

Nikapandishwa lori la mahindi hadi Sumbawanga, nikarudi na chupa za insulini, mabomba ya sindano na amri ya kujichoma asubuhi na jioni maisha yangu yote. Friji hatukuwa nayo. Mama aliweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati na kuumwagia maji, na humo chupa zikakaa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza utafiti wao wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya: insulini ilistahimili joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Nilifurahi kuusoma, ingawa sisi wa nyanda za juu za Ufipa hofu yetu ilikuwa upande wa pili. Insulini ikiganda haifai tena, na Juni na Julai upepo wa huku hauna huruma. Miezi hiyo mama alikihamishia chungu chake jikoni, mbali kidogo na mafiga.

Dawa, basi, tuliiweza. Kilichotushinda ni kujua. Figo huanza kumwaga sukari pale inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita ya damu, kwa hiyo mkojo husimulia yaliyopita saa kadhaa nyuma. Sukari ikishuka, mkojo hausemi lolote. Na kushuka ndiko kunakoua usiku. Kipimo cha mama kilikuwa kiganja: aliamka gizani akanipapasa shingo, akikuta jasho ananikalisha na kuninywesha togwa. Togwa haijaandikwa kwenye mwongozo wowote niliowahi kupewa, lakini inashuka kooni upesi na nyumba nyingi za Rukwa zinayo.

Glukomita ilipofika mikononi mwangu nilikuwa nimeshaanza ualimu. Tone la damu, sekunde chache, namba. Kwa mara ya kwanza nikaijua sukari yangu ya sasa hivi. Watoto wa nyuma yangu walikuta mambo afadhali zaidi, maana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 programu za kuwasaidia watoto na vijana wenye kisukari aina ya kwanza zilianza kuingia nchini, zikileta insulini na vipimo bure. Mimi umri ulikuwa umenipita. Mashine yenyewe si ghali. Ghali ni stripu za kudondoshea damu, na stripu moja hapa kwetu inakaribia bei ya soda. Anayeambiwa apime kabla ya kila mlo na kabla ya kulala ajipigie mwenyewe hesabu ya mwezi.

Habari za pampu ya insulini nilizipata kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, muuguzi kule Leicester. Desemba 2023 taasisi ya Uingereza inayopanga matibabu ya kulipiwa na serikali, NICE, iliidhinisha pampu inayoongozwa na kihisi cha sukari kwa wagonjwa wengi wa aina ya kwanza. "Mdogo wangu," akaniambia kwa simu, "hiki kitu kinajichoma chenyewe." Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1963 Arnold Kadish wa Los Angeles alitengeneza pampu iliyobebwa mgongoni kama shanta la mwanajeshi. Ya leo inaenea kiganjani. Nikaanza kuitafuta. Bima wakasema haimo kwenye orodha. Muuzaji mmoja Dar es Salaam akanitajia bei kwa dola, maelfu, kisha akaacha kupokea simu zangu. Wapo walionishauri nimshukuru Mungu kwa sindano niliyonayo. Hao ndio walioniudhi kuliko muuzaji, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia mwenye shamba amshukuru Mungu kwa jembe aache kuulizia trekta.

Daktari mmoja peke yake aliniuliza la maana: "Mwalimu, stripu zako zinafika mwisho wa mwezi?" Hazifiki. Akanieleza pampu inavyofanya kazi. Pampu hudondosha insulini ya haraka kidogo kidogo mchana na usiku, na chini yake hakuna akiba ya insulini ya muda mrefu. Mrija ukiziba, ndani ya saa chache ketoni, asidi za mwili uliokosa insulini, zinapanda, na asiyepima hajui mpaka atapike. Kanula, ule mrija mdogo unaoingia chini ya ngozi, hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo mwezi unataka kati ya 10 na 15. Bila kihisi pampu ni kipofu, inadondosha tu kama ilivyoamriwa.

Nikampigia kaka nikamwomba aanze na vihisi. Kimoja hukaa mkononi takriban wiki mbili, nacho nakitunza kwa msimu wa kulima, likizo ya Desemba, jembe linapoishusha sukari hadi usiku wa manane. Kihisi kikiona inashuka, simu inalia kabla jasho halijatoka. Mama, ambaye sasa ni mzee, anataka aonyeshwe mstari wa sukari kwenye simu kila asubuhi, na akiona umeshuka ananikaripia kana kwamba bado niko darasa la nne.

Pampu sijaacha kuiulizia. Kaka amesema kuna mtu kazini kwake aliyepewa mpya, na ya zamani ipo kabatini, nzima. Nikamuuliza, kanula za mwaka wa pili atatuma nani? Amesema ataulizia.