Dadu, Dungu na Kombeo: Kazi Ndogo katika Mchezo wa Mezani

Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ulipata umbo linalojulikana leo mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha nchini Marekani ule uitwao Dungeons & Dragons. Kanuni yake ya msingi si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Msimulizi mmoja hueleza mandhari na masaibu. Wachezaji, kila mmoja akiwa na mhusika wake, hutaja watakalotenda. Na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu hurushwa ili iamue. Kisa kimoja chaweza kuendelea kwa miezi mingi, mithili ya riwaya inayotungwa na watu watano kwa pamoja.

Hata hivyo, wasimulizi wengi hukabiliwa na tatizo lilo hilo. Vita na majoka husisimua, ilhali kazi za kila siku huchosha. Aghalabu kuteka maji, kuchunga mifugo na kusafirisha mazao hupitiwa kwa sentensi moja, kisha wachezaji wakakimbizwa kwenye mapigano. Makala haya yanadai kwamba kazi haichoshi kwa sababu ya udogo wake. Huchosha inaposimuliwa bila hatari, bila uteuzi na bila msamiati. Ushahidi wa dai hili haupatikani mbali. Upo Meru na Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na nyanda zilizo chini yake.

Chukua kazi ya kuamia. Katika nyanda za Tharaka na Mbeere, mtama na uwele unapoanza kukomaa, makundi ya ndege hushuka kuushambulia. Tangu jadi, ulinzi huu umeachiwa zaidi watoto na vijana. Msimulizi mvivu atasema, "Kijana anafukuza ndege," na yakaisha. Msimulizi makini atampandisha mchezaji dunguni kabla ya jua kuchomoza, ampe kombeo na mawe kumi, kisha alete makundi mawili kwa mpigo, moja mashariki, jingine magharibi. Ataanza na lipi? Akishuka kuokota mawe, nani atabaki juu? Punje zinazoliwa ni chakula cha wadogo zake hadi mavuno yajayo. Hapa hapana joka, lakini hakuna mchezaji atakayesinzia.

Ukipanda juu zaidi, unafikia ukanda wa kahawa. Pamoja na Kisii, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda zao hilo katika miaka ya 1930. Buni zilizoiva hupaswa kufikishwa kiwandani siku iyo hiyo zilipochumwa, zitolewe ganda la nje kabla hazijaanza kuchacha. Kabla ya kupimwa, mkulima huzichambua, akitenga mbichi na zilizoharibika. Mpe mchezaji magunia matatu, mvua ya Novemba, njia inayoteleza na mizani itakayofungwa jua likitua. Je, abaki kuchambua vizuri na kuhatarisha kuchelewa, au aondoke mapema na mzigo mchafu? Dadu isirushwe kuuliza kama mhusika anaweza kuchuma buni, kwani hilo analiweza. Irushwe kuuliza kama atafika kabla ya mizani kufungwa. Mkulima wa miraa kule Igembe anaielewa kanuni hii bila kufundishwa. Mazao yake hufungwa kwa majani ya mgomba yasikauke, na thamani yake hupungua kwa kila saa inayopita barabarani.

Mbinu ya kuipa shughuli ndogo uzito kwa kuweka kitu rehani imo pia katika vitendawili. Anayeshindwa kufumbua hudaiwa mji, naye huutoa, ingawa hajawahi kuumiliki. Mji huo ni wa kubuni, lakini fedheha ya kuutoa ni ya kweli, na furaha ya anayeupokea ni ya kweli vilevile. Wasimulizi wa mezani wanaotafuta mbinu za kigeni wangeanza na huo mji.

Yamkini mtu atapinga kwamba watu hucheza ili kuzikimbia kazi zao, na kwamba kuzipamba ni kuusahau ugumu wake. Hoja hii ina uzito. Mtoto aliyeshinda dunguni hakuwa mchezoni, na mara nyingi alikosa masomo. Lakini usimulizi mwema haufichi jambo hilo. Mchezaji akiwa juu ya dungu na kengele ya shule ikisikika ng'ambo ya bonde, uteuzi unakuwa mchungu kuliko upanga wowote. Msisimko si lazima uwe raha. Waweza kuwa uchungu wa kujua kwamba kila njia ina gharama.

Limebaki suala la msamiati, na ndilo linalowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Kuamia, dungu, kombeo, kupura, kupepeta na kupukuchua ni maneno yanayozidi kubaki kwenye kamusi na karatasi za mitihani. Mwanafunzi aliyelelewa akisema Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kitharaka huenda ana neno la kila hatua ya kazi hizi katika lugha ya nyumbani. Afikapo kwenye Kiswahili, kupura na kupepeta vyote huwa "kusafisha mtama." Asiyezitofautisha hatua hizo hawezi kumwambia mchezaji ni wapi mambo yanaweza kuharibika. Upepo ukikoma, anayepura huendelea na kazi yake, bali anayepepeta hukwama, na mawingu yanakuja. Kisa kizima kimo katika tofauti ya vitenzi viwili.

Si kila kazi istahiliyo kuigizwa, wala si kila siku. Chakula kipikwe kwa sentensi moja ikiwa hakuna atakayelala njaa. Lakini inapokuwapo hatari, uteuzi na saa inayokwenda, msimulizi asikimbilie majoka. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vya eneo hili vina wasimulizi, vina wasemaji wa lugha nne au tano, na dadu ni rahisi kupatikana. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Jioni moja ya mchezo juu ya shamba la mtama ingetosha kuanza ujenzi huo, na maneno yanayokaririwa kwa ajili ya mtihani yangepata tena kazi ya kufanya.