Buku gani kwa mtoto wa miaka 12?

Ndugu msomaji, wewe baba ao wewe mama mwenye mtoto katika mwaka wa saba ao wa nane, ninakuuliza neno moja: mtoto wako alisoma buku gani mwaka huu? Sisemi buku ya hesabu wala ile ya jeografia ambayo mwalimu anaandika ku ubao. Ninasema buku ya hadithi ndefu, ile kwa Kifransa wanaita romani.

Usijibu mbio. Kama ungeniuliza mimi miaka mitatu iliyopita, ningesema: romani ni kitu cha watu wenye kushiba. Mtoto ajue kwanza kuhesabu, mengine yatakuja nyuma. Leo sisemi tena vile, na nitakuelezea sababu.

Mambo yaliyotupata

Tunakaa Kolwezi. Nilifanya kazi ya mugodi katika kampani moja mpaka siku mguu wangu ulivunjika, na tangu pale sikupata tena kazi ya mwezi. Bibi yangu anauzisha makala. Mtoto wetu wa kwanza alimaliza mwaka wa sita vizuri. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ni bure, lakini alipofika mwaka wa saba tulipashwa kulipa, na hapo matata ikaanza.

Mtoto alianza kwenda ku mto na wenzake kusafisha mawe. Kwanza ni siku ya posho tu. Nyuma ikawa siku mbili, siku tatu. Mama yake aliuliza, mimi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mangaribi alileta franga, na ile franga ilinunua unga wa bukari. Nilijua kama sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi za namna ile. Kuijua hakukunisaidia kitu. Sheria haikai ku meza wakati sahani ni tupu.

Siku moja rafiki yangu mmoja wa parokia aliniazima buku ya zamani isiyokuwa tena na ganda: "Sans famille" ya Hector Malot, iliyotoka Ufaransa mwaka 1878. Niliichukua juu ya binti yetu mdogo, ili asikie Kifransa. Mangaribi, kama kura imekatika, niliwasha mushumaa, nikasoma kipande kidogo kwa Kifransa, kisha nikaeleza kwa Kiswahili.

Hadithi ni ya Rémi, mtoto aliyeokotwa na kulelewa na mama mmoja maskini katika kijiji. Bwana wa yule mama, Barberin, anafanya kazi mbali, Paris. Anaumia ku kazi, anasamba juu ya malipo na kushindwa, anarudi nyumbani kilema na bila franga. Na huyo Barberin anamtoa Rémi kwa mzee mmoja mwenye kuzungusha michezo njiani, kwa franga 40.

Mtoto wetu mkubwa alikuwa anakula karibu na mlango. Sikufikiri kama anasikiliza. Akauliza: "Baba, ule baba alimuuzisha mutoto?"

Nilijibu: "Hapana, alimukodisha tu."

"Ni kitu moja," alisema, akaendelea kula.

Ndugu msomaji, ile siku sikusoma zaidi. Nilisema mushumaa unaisha.

Mtoto alifungua kinywa

Kesho yake ni yeye mwenyewe aliyeleta buku. Tulisoma namna ile karibu miezi miwili. Rémi anatembea Ufaransa yote na mzee Vitalis, mbwa watatu na nyani mdogo. Nyuma, tulipovuka katikati ya buku, tulifika pahali ambapo sikutazamia: mugodi wa makala ya mawe. Rafiki ya Rémi, jina lake Alexis, anaumia mkono kule chini, na Rémi anashuka kwa nafasi yake kusukuma vigari. Siku moja maji ya mto yanaingia katika mugodi. Watu wachache wanakimbilia shimo lenye kupanda, na kule wanafungwa katika giza kwa muda wa siku 14 mbele ya kuokolewa.

Kati yao kuko mfanyakazi mzee, wenzake wanamwita "magister," ni kusema mwalimu. Wanamwita vile kwa kumcheka, kwa sababu anapenda kusoma na kuchunguza mawe. Lakini siku ya maji ni yeye anayejua sababu gani maji hayapandi mpaka kwao. Ni yeye anawaambia wachonge ngazi katika mwamba kwa ndoana za taa, ili wasiteleze. Wale waliomcheka sasa wanamtii.

Hapo mtoto wetu alinikatiza. "Baba, kwetu maji haikujaka vile. Kwetu ni udongo ndio unaangukaka."

Mama yake akauliza: "Kwetu wapi?"

Akanyamaza. Kisha akasema pole pole: "Ku shimo. Miye niliingiaka mara mbili. Na bakubwa."

Sisi tulifikiri anasafisha mawe tu, ku mto. Hatukujua kama anaingia chini. Miezi mingi tuliishi naye chini ya bati moja, na hakuna neno letu lililomfungua kinywa, wala hasira ya mama wala kunyamaza kwangu. Lakini alipomsikia mtoto mwingine katika shimo, mtoto wa mbali na wa zamani, alipata namna ya kusema lake.

Sitakudanganya kama romani ililipa feza za masomo. Hailipi. Ile juma nilikwenda kwa mkubwa wa shule, nikiomba kulipa vipande vipande, naye alikubali. Mwaka ule mtoto alirudilia darasa. Sisi nyumbani kuko siku tunakula mara moja. Lakini ku shimo harudi, na kama wenzake wanamwita, anakuja kutuambia.

Kwa hiyo ninakuletea hapa majina ya buku zingine. Hizi tulizisoma nyuma ya ile ya Malot.

Buku ine kwa watoto wa miaka 12 mpaka 15

"L'Enfant noir," ya Camara Laye wa Guinea, ilitoka mwaka 1953. Mwandishi anaeleza utoto wake Kouroussa, ambako baba yake alikuwa mfua vyuma. Msomee mtoto wako kile kipande ambacho mwanamke mmoja analeta zahabu yake. Aliiokota punje kwa punje, akiinama miezi mingi ku mto na kuosha udongo. Baba anaiyeyusha mbele ya watu na kufanya kitu cha kupamba. Mtoto wa kwetu anajua mawe yanatoka tu, yanapanda motokari na kwenda. Hapa ataona mtu wa Afrika akigeuza mali ya udongo kuwa kazi ya mikono yenye heshima.

"Sous l'orage," ya Seydou Badian wa Mali, ni ya mwaka 1957. Msichana Kany anasoma, na anapendana na kijana Samou. Baba yake, mzee Benfa, anataka kumwozesha kwa Famagan, mwenye biashara na mali. Wazazi wa binti, someni hiyo buku mbele ya kumpa mtoto. Inasema na sisi pia, na haitukani wazee.

"Ngando," ya Paul Lomami Tshibamba. Huyu ni wetu wa Congo, na buku yake ilipata zawadi Bruxelles mwaka 1948. Ngando ni mamba. Mtoto mmoja wa mji ambao leo ni Kinshasa anakimbia masomo, anakwenda ku mto na wenzake, na mamba anamkamata. Baba yake anakwenda kumtafuta. Kuko mambo ya ndoki ndani yake, basi isomeni pamoja na kuzungumza. Watoto wangu walibishana juu ya mwisho wake siku tatu.

"Adili na Nduguze," ya Shaaban Robert wa Tanzania, ya mwaka 1952. Hii ni ya Kiswahili. Ni hadithi ya liwali mmoja mwema, na ya wivu wa ndugu zake wawili waliogeuzwa manyani. Kiswahili chake ni cha pwani, maneno mengine yatawashinda. Lakini ni fupi, na mtoto atashangaa kuona kama luga anayosema ku soko inaweza kubeba hadithi kubwa namna ile.

Namna ya kusoma

Usimpe mtoto buku na kumwambia: "Kaa pale, usome." Kifransa cha romani ni kigumu kwa mtoto wa mwaka wa saba. Soma naye, kurasa mbili ao tatu kila mangaribi, na ueleze kwa luga ya nyumbani. Kama wewe hujui kusoma Kifransa, mtoto asome na akuelezee. Tena hiyo ni bora, kwa sababu siku ile yeye ndiye mwalimu.

Angalia umri pia. "Une vie de boy" ya Ferdinand Oyono ni buku kubwa, lakini ina mambo mazito ya watu wakubwa. Ingojee sekondari ya juu.

Buku utazipata wapi? Uliza biblioteki ya parokia ao ya shule. Tazama kwa wale wanaotandika buku za zamani njiani. Jamaa tatu ao ine zinaweza kununua moja pamoja na kuzungusha. Usiogope buku iliyopasuka. Ile yetu haikuwa na ganda, na kurasa za mwisho zilikosa. Mwisho wa Rémi niliusikia kwa mwalimu mmoja aliyeisoma zamani.

Na usimuulize mtoto maulizo kama siku ya mtihani. Soma tu, kisha ngojea. Siku moja atakukatiza katikati ya mstari. Siku ile funga buku, weka kidole pahali ulipofika, na umsikilize mpaka amalize.