Si Shoti Tu: Maji, Umeme na Msamiati wa Nyumbani

Wahenga walipolonga kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, walimwona hamali aliyejitwika mzigo: kila kinachodondoka njiani humpunguzia uzito, na hasara ni ya mwenye mali. Nyumba ya leo ina uvujaji mwingine usiomletea yeyote nafuu. Maji hupenya dari au ukuta, yakaufikia waya, na kuanzia hapo vitu viwili huvuja kwa pamoja. Maji huacha doa kwenye rangi. Umeme aghalabu hauachi alama yoyote hadi mkono wa mtu uguse mahali palipolowa. Kwa kuwa hauonekani, hauna budi kutajwa, tena kwa jina lake, ndipo ushughulikiwe ipasavyo. Hapo suala hili huacha kuwa la fundi peke yake, likawa la mwanafunzi wa lugha pia.

Katika mitaa mingi ya Kenya, balbu ikizimika ghafla, soketi ikitoa cheche au mfereji wa bafuni ukimtekenya mtu vidole, jibu ni lile lile: ni shoti. Magazeti na taarifa za redio nazo zina msemo wao, moto uliosababishwa na hitilafu ya umeme, msemo ambao hufunga habari kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Maneno haya yana kasoro moja: yanataja matokeo na kukificha chanzo. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ni shoti huona amejibiwa, ilhali hajaambiwa lolote.

Zingatia kisa cha mama mmoja mshonaji, mpangaji wa ghorofa ya kwanza katika mtaa mmoja wa Nairobi. Masika yalipoanza, taa ya bafuni ilianza kupepesa, na fyuzi ya taa ikakatika mara mbili katika juma moja. Fundi aliyeletwa na keyateka aliliangalia sanduku la fyuzi kwa dakika chache. "Hii ni shoti tu, mama," akasema, kisha akafunga waya mnene wa shaba mahali palipokuwa na ule mwembamba wa ampea 5. Taa ikawaka. Fyuzi haikukatika tena, na mama akamshukuru. Siku ya nne, mwanawe wa miaka saba aliingia kuoga, miguu mitupu juu ya sakafu iliyolowa, akashika mfereji. Alipiga ukemi, akarushwa nyuma, akaangukia ndoo. Alipona, ila kwa majuma kadhaa alikataa kugusa mfereji wowote, hata ule wa uani.

Fundi wa pili alianza na swali ambalo wa kwanza hakuliuliza. "Mama, doa hili la darini hukua mvua inaponyesha, au hata jua likiwaka?" Mama akakumbuka kwamba hukua asubuhi, mvua iwepo isiwepo, saa ambazo majirani wa juu huoga. Basi haikuwa mvua. Kiungo cha bomba la ghorofa ya pili kilikuwa kimelegea. Maji yaliteremka ndani ya paipu ya plastiki inayofunika nyaya hadi kwenye kisanduku cha maungio juu ya bafuni, yakakijaza. Kutoka hapo umeme uliufuata ukuta uliolowa hadi kwenye bomba la chuma. Zamani bomba hilo lilishuka moja kwa moja ardhini. Lilipokarabatiwa, kipande chake kilibadilishwa kwa plastiki, ikawa umeme hauna pa kushukia. Ukakaa pale ukimngoja mwenye miguu iliyolowa.

Fundi wa kwanza hakuwa mvivu wala mlaghai. Alikuwa na jina moja kwa maradhi matatu, na kwa kuwa jina lilikuwa moja, hakuona haja ya kupima. Maradhi yenyewe hutofautiana sana. La kwanza ndilo shoti halisi: waya wa laivu umegusana na waya wa nyutro, mkondo mkubwa ukapita kwa ghafla na fyuzi ikakatika papo hapo. La pili ni kuzidiwa: birika la umeme, pasi na jiko vimechomekwa kwenye ekstensheni moja, waya ukabebeshwa mzigo usiouweza, ukapata joto. La tatu ni kuvuja: mkondo umeiacha njia yake, ukapitia ukuta wenye maji, bomba au mwili wa binadamu kuelekea ardhini. Fyuzi iliundwa kwa ajili ya mawili ya kwanza. La tatu huweza kuua bila fyuzi kuwa na habari.

Hesabu yake ni nyepesi. Fyuzi ya plagi ya pini tatu inayotumika nchini huweza kuwa ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Charles Dalziel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwapima watu waliojitolea, akapata kwamba kwa wastani wa miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake, misuli ya mkono hukaza hata mtu akashindwa kukiachia alichokishika. Mkondo ukizidi hapo na kudumu, kifua hubanwa na moyo huweza kupoteza mpigo wake. Mtu huweza basi kufa kwa mkondo ambao kwa fyuzi ni kama hakuna. Ndiyo maana Dalziel huyo huyo alibuni, mwaka 1961, kifaa cha kukata umeme unaovuja. Kifaa cha jamii hiyo ambacho mafundi wetu hukiita kwa herufi RCD hufanya kazi ya mchungaji anayehesabu mbuzi wanapotoka na wanaporejea: mkondo uliokwenda ukitofautiana na uliorudi kwa miliampea 30, hukata umeme mara moja. Nyumba nyingi za kupanga hazina kifaa hiki. Zilizo nacho, aghalabu hakuna aliyewahi kukibonyeza kile kitufe chenye herufi T kuona kama kingali hai.

Maji nayo yanastahili kueleweka. Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida. Ila maji yaliyopenya slabu huwa yameyeyusha chumvi za saruji na vumbi, yakawa kipitishi. Fauka ya hayo, maji hayatokei yalikoingilia. Hufuata mteremko na paipu za nyaya, yakaibuka mita kadhaa mbali na tundu lake. Soketi ya sebuleni huweza kuloweshwa na choo cha jirani wa juu. Anayeibadilisha soketi hiyo bila kulitafuta tundu anaiandaa nyingine kwa maradhi yale yale.

Kwa hiyo utaratibu una mpangilio wake, na mpangilio huo ndio usalama. Kwanza umeme ukatwe kwenye swichi kuu, kwa mkono mkavu, mtu akiwa amevaa viatu vya mpira na kusimama mahali pakavu. Ikiwa sanduku lenyewe limelowa, au haliwezi kufikiwa ila kwa kukanyaga maji, lisiguswe. Kampuni ya umeme ipigiwe simu ikate kutoka nje. Aliyenaswa asishikwe kwa mkono: umeme ukatwe kwanza, na ikishindikana asukumwe kwa ubao mkavu. Taa iliyojaa maji isitobolewe wala kufunguliwa kabla ya umeme kukatwa.

Pili, maji yatafutwe chanzo. Doa linalokua mvua inaponyesha huelekeza kwenye paa. Linalokua wakati wote huelekeza kwenye bomba. Mifereji yote ifungwe, kisha mita ya maji itazamwe: mshale ukiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja mahali fulani. Tatu, saketi zitenganishwe, maji yakiwa yamezuiwa na sanduku likiwa kavu. Vifaa vyote vichomolewe, swichi ndogo zote zizimwe, kisha ziwashwe moja baada ya nyingine pasipo mtu kugusa ukuta wala bomba. Ile inayoangusha kikata umeme ndiyo yenye maji, ibaki imezimwa. Isiyoangusha chochote isihukumiwe kuwa salama, maadamu kikata umeme cha kawaida hakiuoni uvujaji. Dalili nyingine ni tokeni. Mkondo wa ampea 2 ukivujia ardhini kwa volti 240 hula wati 480, yaani yuniti 11 na nusu kwa siku, hata kama wenye nyumba wamesafiri na taa zote zimezimwa.

Nne, subira. Ukuta unaoonekana mkavu huenda ungali na maji ndani, na shaba iliyolowa huota kutu ya kijani. Soketi na vikata umeme vilivyoingia maji hubadilishwa, havianikwi juani. Fundi mwenye leseni ya EPRA hupima kihami cha waya kwa kifaa cha volti 500, na kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, umeme haurudishwi. Hapimi kwa kiganja.

Hatua hizi hazihitaji shahada, zinahitaji maneno. Maneno yenyewe yapo. Kampuni ya kuuza umeme ilianzishwa Mombasa mwaka 1908, na tangu hapo Kiswahili kimekuwa na muda wa kutosha wa kuuzoea umeme. Wataalamu wametupa mkondo, kipitishi na kihami. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Mafundi nao wana laivu, nyutro na athi. Kilichokosekana ni mkutano wa makundi haya mawili. Istilahi za kamusi hazijashuka hadi kwenye sanduku la mita, na maneno ya fundi hayajapandishwa hadi darasani yakapewa mipaka ya maana. Katikati yao amekaa mpangaji, mwenye neno shoti pekee.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Hata hivyo, kwenye nguzo na transfoma neno la Kiswahili linaloonekana zaidi ni hatari, pamoja na fuvu la kichwa. Neno hilo ni la kweli, ila linamwambia mtu akimbie, halimwambii afanye nini anapoishi na hatari hiyo chini ya dari moja. Mvua za masika za mwaka 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini na kuziingia nyumba nyingi za mabondeni. Wenye nyumba hizo walirudi kwenye kuta zilizolowa na soketi zenye matope, na maelezo ya kuwaongoza yaliwafaa tu kama waliielewa lugha yake.

Alhasili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi hapa isiyongoja mfadhili wala kongamano. Vinaweza kuketi na mafundi wenye leseni, vikaandika ukurasa mmoja wa kubandikwa kando ya mita katika kila ploti: nini kikatwe kwanza, nini kisiguswe, maji yatafutwe vipi, nani aitwe. Kabla ya kuchapishwa, ukurasa huo usomewe wapangaji wenyewe, na kila neno linalowakwamisha libadilishwe. Kipimo chake kiwe kimoja: kwamba mama aliyesimama gizani, simu mkononi na maji yakidondoka, aweze kumwambia fundi kama kilichomfika ni shoti, ni kuzidiwa, au ni kuvuja.