Mada na Maabara
Mwanafunzi anayetafuta nafasi ya uzamivu huulizwa kwanza mada yake; ni nadra aulizwe atafanya kazi na nani. Wangari Maathai aliporejea Nairobi mwaka 1966, kazi aliyoahidiwa katika zuolojia aliikuta imekwisha kupewa mwingine. Aliyempokea alikuwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, katika idara changa ya anatomia ya mifugo, naye ndiye aliyemhimiza kwenda Giessen mwaka 1967. Mada ikafuata maabara: ukuaji wa tezi za uzazi za ng'ombe, iliyomfikisha kwenye shahada mwaka 1971. Kwa mizani hiyo, mada nzuri chini ya msimamizi asiyesoma kazi za wanafunzi wake ni nyepesi mno. Mwombaji na awaulize waliotangulia: sura hurudi baada ya muda gani, na wangapi waliondoka kimya kimya?